Poleni kwa Mnada

Nyumba yetu ya Migori ilikuwa na wanunuzi wengi kuliko vyumba vyake, na bado hakuna aliyeinunua. Kaka yangu alikuwa na mnunuzi wake, dada yangu alikuwa na wake, mimi nilikuwa na wangu, na kila mmoja wetu aliamini kwamba wanunuzi wa wenzake ni matapeli waliozaliwa na meno. Asiyekuwa na mnunuzi ni Mama peke yake, na nyumba ilikuwa yake.

Baba aliijenga nyuma ya soko, zamani, kabla mji haujatufuata. Kuta za matofali, na paa la mabati mazito ya enzi zile, ambayo fundi wa siku hizi akiyagonga kwa kidole anavua kofia. Mvua ikinyesha juu ya mabati hayo, trela lingeweza kupita sebuleni na usisikie. Baba alipofariki tulimzika Rusinga, kisiwani kwao, na Mama akarudi Migori kukaa nami. Mimi ni kitinda mimba. Ndoa yangu ilivunjika mapema, nauza viatu vya mitumba sokoni, na cheti changu cha kidato cha nne nilikipata ukubwani, kwenye masomo ya jioni yale watu wanayaita ngumbaro, dawati moja na bibi mwenye wajukuu wa kutosha timu mbili za mpira pamoja na refa.

Shida ya Mama ilikuwa Rusinga. Nyumba yake ya huko ilikuwa ya udongo, na ilikuwa imeanguka. Sisemi imeinama, imeanguka, mbuzi wanapanda juu yake. Kila tulipoenda mazishini kisiwani, Mama alilala katika nyumba ya mke wa shemeji yake, ndani ya boma alilolianzisha yeye mwenyewe na Baba. Kwa sisi Wajaluo hilo si jambo dogo. Mwanamke aliyeolewa ana nyumba yake katika boma la mumewe, na siku yake ikifika anatolewa kwa mlango wa nyumba hiyo, si wa mtu mwingine. Nyumba ya mjini, hata ikiwa na ghorofa hadi mawinguni, ni mahali pa kulala tu. Nyumbani ni dala, na dala ya Mama ilikuwa na mbuzi juu yake.

“Magoti yangu yananiambia nisichelewe,” Mama alituambia. “Uzeni hii, mnijengee ile. Lakini mkubaliane nyote watatu. Sitaki niende kulala kwangu nikiwaacha mkirushiana viti.”

Kukubaliana! Angetuambia tuhamishe Ziwa kwa kijiko tungemaliza mapema zaidi.

Mnunuzi wa kaka, rafiki yake wa Homa Bay, alikuja akapima sebule kwa hatua, akanywa chai yetu yote, akasema paa limezeeka. Mnunuzi wa dada alikuwa binamu wa mumewe kutoka Oyugis, akaja na mke ambaye alianza kupanga mapazia kabla hajasalimia. Wangu alikuwa mchimba dhahabu wa Macalder, mtu mchangamfu sana, aliyekuwa tayari kununua mara tu shimo lake litakapotoa kitu. Nadhani hadi leo shimo linalifikiria jambo hilo.

Basi Jumapili moja, baada ya kanisa, tukakaa sebuleni wote. Kaka alikuwa ametoka Homa Bay, ambako anauza spea za injini za boti, na dada alikuwa ametoka Oyugis, ambako anauza nafaka. Mama alikuwa na ungo mapajani, anachambua maharagwe.

“Mnada,” nikasema.

Kaka aliweka kikombe chini kama kwamba kimemuuma. “Mnada wa nini? Tumekopa? Kuna mtu anatudai?”

“Hakuna. Tunauza kwa hiari. Dalali anasimama hadharani, kila anayetaka anataja bei yake, wa juu anachukua. Hakuna mtu wako, hakuna mtu wa dada, hakuna mtu wangu. Tulifundishwa kwenye somo la biashara.”

“Na huyo mwalimu wenu, yeye ameshauza nyumba ya mama yake?”

“Mwache amalize,” dada akasema. “Mimi afadhali nione aibu hadharani kuliko kuibiwa sebuleni.”

“Kuibiwa na nani?”

“Sijataja mtu. Kama kiatu kinakubana, sema.”

“Wewe na binamu wa mume wako...”

“Na wewe na yule aliyepima sebule kama anapima kaburi!”

“Yawa, jamani,” Mama akasema, na wote wawili wakanyamaza. Alitupa jiwe dogo kutoka kwenye ungo. “Huyo dalali. Akishapiga nyundo yake, mimi nitakuwa nimefika Rusinga?”

“Utakuwa umefika, Mama,” nikamwambia.

“Basi na apige.”

“Watu watasema, Mama,” kaka akanung'unika.

“Watu wamekuwa wakisema tangu nilipoolewa, na hawajawahi kunijengea hata choo.”

Nilijiona mshindi. Usiku wa masomo, mbu wote wale, hatimaye umezaa matunda! Sikujua kwamba somo la biashara liliandikwa na mtu ambaye hajawahi kukaa Migori.

Kaka alileta dalali kutoka Homa Bay, kwa sababu hakutaka dalali wa Migori anayejua siri zetu. Mtu wa koti la kijivu, sauti kama spika ya kampeni. Alibandika tangazo langoni: MNADA WA HADHARA, kwa herufi nyekundu ambazo nina hakika zilisomeka hadi Sirari, ng'ambo ya mpaka. Chini kabisa aliandika “kwa hiari ya mwenye mali”, kwa maandishi ambayo siafu angehitaji miwani.

Na hapo ndipo nilipokosea, mimi na cheti changu. Huku kwetu hakuna aliyewahi kuona nyumba ikipigwa mnada kwa furaha. Mnada wa nyumba ni benki imekuja. Ukiona dalali kwa jirani, unajua kesho kitanda chake kitakuwa barabarani na watoto wamekaa juu yake. Neno lenyewe linatosha kumtoa mtu mbio akiwa bado na kijiko mdomoni.

Tangazo halijakauka gundi, watu wakaanza kuja.

“Poleni,” akasema mama wa chapati wa kona, macho yamelowa.

“Hatujafiwa. Tunauza kwa hiari.”

“Ndiyo, msichana wetu. Hata mjomba wangu alisema hivyo hivyo, kwa hiari.” Akaniwekea chapati mkononi na kukataa malipo, mwanamke ambaye katika maisha yangu yote hajawahi kunipunguzia hata shilingi.

Wamama wa kanisa walikuja na unga na sukari, wakaimba pale sebuleni nyimbo za kuwafariji wafungwa. Sokoni mteja mmoja alinunua viatu vya mtoto wa darasa la pili. Hana mtoto. Alisema ni kuniinua tu. Nilieleza, nikaeleza, sauti ikanikauka. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kunishika bega. Mtu akishaamua kukuonea huruma huwezi kumtoa hapo hata kwa trekta.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuja pia. Ni mfanyabiashara, Mwislamu aliyetoka Isiolo, duka lake la vitambaa na mazulia limebanwa hadi mikeka inalala nje, na kwa miaka alikuwa akimtania Baba kwamba siku moja watabomoa ule ukuta wa katikati. Moyoni nilikuwa nimempigia hesabu huyu. Akiinua mkono huyu, nilijiambia, Mama yuko Rusinga.

“Mama,” akasema akiwa bado amesimama, “kama ni benki, nionyeshe barua. Nina ndugu wanaojua mambo hayo.”

“Hakuna benki, mwanangu. Nataka kwenda nyumbani.”

Alitikisa kichwa polepole, vile unavyomkubalia mgonjwa anayesema amepona, na kesho yake akatuma birika zima la chai ya viungo.

Jioni hiyo kaka akapiga simu kutoka Homa Bay, akifoka. “Tusimamishe! Huku nimepewa pole na kinyozi! Alizima mashine akanishika mkono, nusu ya kichwa ikiwa bado na nywele! Nimetembea mjini nikiwa nusu!”

Dada naye akasema Oyugis kuna mtu ameanza kupanga mchango. Hata mimi nilianza kulegea. Nikamweleza Mama kwamba bado tunaweza kubandua ile karatasi na kurudi kwa wanunuzi wa sebuleni.

“Na mtakubaliana?” akaniuliza.

Nikammiminia chai ya jirani.

“Hao wanaosema pole, watakuja siku yenyewe?”

“Naona watakuja wote.”

“Kwani wewe sokoni ukijaza watu unalia? Acha waje.”

Hoja hiyo haikuwa na mlango wa kutokea. Tukaendelea.

Siku ya mnada watu walijaa hadi kuku walikosa pa kukanyaga. Walikuwa langoni, juu ya ukuta, kwenye ngazi za duka la jirani. Nilikuwa nimekaanga mandazi ya kukaribisha wanunuzi, na nilipoona umati ule nilitamani mwalimu wangu wa biashara awe pale ajionee. Dalali alipanda juu ya kreti la soda, akasifu matofali, akasifu mabati, akasifu hata shimo la taka. Kisha akataja bei ya kuanzia, bei ya haki kabisa.

Kimya.

Akaitaja tena kwa sauti ya juu zaidi. Kimya kile kile. Nilisikia tumbo la mtu likinguruma upande wa pili wa ua. Hapo nikaangalia vizuri, na nikaona mikono. Kila mtu alikuwa ameweka mikono yake nyuma, wanaume kwa wanawake, kama watoto wa shule wakati wa ukaguzi wa kucha. Mstari wa mbele kabisa alisimama jirani yetu wa mazulia, amekunja mikono kifuani, ameukaza uso kama askari wa lango.

Nikaelewa. Hawakuja kununua. Walikuja kuhakikisha hakuna anayenunua.

“Jamani,” dalali akabembeleza, “hata kidole?”

Kule nyuma mkono mmoja uliinuka. Mwanaume wa kofia, mgeni, labda alishuka tu stendi akafuata kelele. Moyo wangu uliruka hadi kwenye meno. Lakini wamama wa kanisa walikuwa wameshamfikia.

“Wewe ni wa wapi?”

“Natoka Kisii, mimi nime...”

“Una mama?”

“Ninaye.”

“Yuko kwake?”

“Yuko kwake, ndiyo.”

“Na wewe umekuja kumtoa wa wenzako?”

Mkono ukashuka. “Nilikuwa nakuna kichwa,” mgeni akasema, na umati ukampisha atoke.

Mama akasimama. Alishika mgongo wa kiti, akangoja magoti yake yatulie. “Wanangu,” akasema, “hakuna aliyenidai. Ni mimi ninayeuza. Nunueni.”

“Usiogope, Mama!” mtu akapaza sauti kutoka juu ya ukuta. “Hakuna atakayeinua mkono!”

“Inueni!”

“Hatuinui!”

“Nimesema inueni!”

Wakapiga makofi. Walimpigia Mama makofi kwa ujasiri wake! Mchungaji msaidizi akaomba, mandazi yangu yakaliwa yote, na watu wakarudi makwao wakiwa wameridhika hadi kwenye unyayo. Dalali alikunja koti lake taratibu. “Nimeuza matrekta,” akaniambia. “Nimeuza ng'ombe aliyekuwa anakata roho. Lakini leo nimeshindwa na watu wema. Sijui hata nitawaeleza nini nyumbani.”

Kaka alikaa kwenye lile kreti la soda akishika kichwa chake, ambacho upande mmoja nywele zilikuwa ndiyo kwanza zinarudi. Mimi niliuvuka ukuta nikaenda dukani kwa jirani, nikiwa na hasira ya kutosha kuchemsha maharagwe.

“Wewe! Miaka yote unautaka ukuta ule, na leo umekunja mikono?”

“Dada, tulia. Nilipofika mji huu sina kitu, kiti cha kwanza kukalia nilipewa na baba yenu. Niinue mkono mbele ya watu nimtoe mjane wake? Nani atanunua zulia kwangu tena?”

“Lakini anataka kutoka!”

“Nimemsikia leo. Wewe unajua, na mimi sasa najua. Soko zima je? Hata nikija kwenu kimya kimya, watasema nilingoja mnada ushindwe nimkabe mama wa watu.” Akapangusa jasho. “Nyumba ya mjane mimi siwezi, dada. Kwa bei yoyote.”

Nilirudi nikiwa nimeishiwa maneno, jambo ambalo majirani wanaweza kushuhudia halijatokea tena.

Asubuhi nilimkuta Mama ameketi kwenye stuli katikati ya ua, ameinua uso, anaangalia paa. Nilidhani anaomba.

“Ile misumari,” akasema, “inatoka?”

“Misumari ipi, Mama?”

“Ya mabati.”

Kaka na dada walikuwa wamelala hapo hapo. Wakatoka, dada na kikombe, kaka na taulo.

“Mama,” kaka akasema taratibu, “unataka tuibomoe nyumba ya Baba?”

“Nataka muihamishe. Mabati, mbao, milango, madirisha. Watu hawa hawataki nitolewe ndani ya nyumba. Vizuri. Nitatoka nayo.”

Tulisubiri ugomvi uanze. Kaka akamtazama dada, dada akanitazama mimi. Hakukuwa na mnunuzi wa kugombania. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi ya Baba sisi watatu kukosa la kubishania, na sikujua hata niweke wapi mikono yangu.

“Nina mtu wa lori,” kaka akasema.

“Yule wa kwako...” dada akaanza, kisha akajizuia. “Sawa. Mlete.”

Mafundi walipoanza kuteremsha mabati, jirani alitoka dukani akasimama anaangalia. Aliangalia hadi bati la mwisho lilipoteremshwa chini. Kisha akaja, akamsalimia Mama kwa heshima zote, akainamisha kichwa.

“Mama, hizi kuta zinabaki?”

“Zinabaki.”

“Hazina paa sasa.”

“Hazina.”

“Basi hiyo si nyumba tena. Ni ploti yenye matofali.” Kwa mara ya kwanza tangu tangazo libandikwe, nilimwona akitabasamu. “Ploti nitanunua mchana kweupe, na soko zima lije kushuhudia.”

Na walikuja. Walewale! Mama wa chapati alimpa jirani mkono kumpongeza. Hakuna aliyeona ajabu. Bei ilikuwa chini ya ile ya dalali, bila shaka, kwani tulikuwa tumemwondolea nyumba, na kaka hulisema hilo hadi leo kila anapokunywa chai. Mimi nilipanga chumba karibu na soko. Ukuta wa katikati ulibomolewa kabla sijamaliza kufungua mizigo, na mikeka sasa inalala mahali palipokuwa na kitanda changu.

Lori lilipita Homa Bay limebeba nyumba nzima isipokuwa kuta, dada ameketi juu na fremu ya dirisha mapajani, na kila tuliposimama watu walitupa pole. Niliacha kujibu tulipofika Mbita. Tulivuka kwenda kisiwani, tukawafukuza mbuzi, kaka akachimba shimo la nguzo ya kwanza kama mzaliwa wa kwanza anavyopaswa, na mafundi wakamaliza kabla ya masika. Mama alipoingia mlango wake aliushika kwanza, ule mlango wa Migori wenye kitasa kilicholegea, akaufungua na kuufunga, akaufungua tena.

Kisha mvua ikaja. Loo! Mabati ya Baba yana matundu ya misumari ya zamani, na fundi alikuwa ameapa kwa mama yake kwamba yote ameyaziba. Yalivuja kama chujio. Mama aliweka beseni, sufuria, ndoo, hata ule ungo wa maharagwe, sijui alitarajia nini. Nilipopigiwa simu nilifunga kibanda changu cha viatu nikasafiri kutoka Migori hadi Rusinga na kopo la lami, nikiwalaani mafundi, madalali, na yeyote aliyebuni msumari.

Nilikuwa juu ya paa, lami hadi kwenye viwiko, nilipomwona mke wa shemeji yake Mama, yule aliyekuwa akimlaza kwake, akiingia uani na jirani mwingine. Walikaa na Mama barazani, chini yangu kabisa.

“Tulisikia habari za Migori,” yule jirani akasema kwa sauti ya msibani. “Pole sana, Mama. Kwamba nyumba yenu ilipigwa mnada.”

Nilishika kopo vizuri. Nilivuta pumzi, nikajiandaa kuelezea mambo ya hiari kwa mara ya elfu moja, nikiwa nimening'inia huko juu kama popo.

“Ni kweli,” Mama akasema, akisogeza ndoo kwa mguu iendelee kukinga matone ya mwisho. “Nikainunua mimi.”